Mama wa Mti na Swala wa Shambani: Vinyago vya Wabambara wa Mali

Jembe unalolimia na kinyago ulichopata kukiona katika duka la watalii vina uhusiano gani? Kwa wengi wetu, hakuna. Jembe ni la kazi, kinyago ni pambo la sebuleni. Lakini katika nchi ya Mali, huko Afrika Magharibi, miongoni mwa watu waitwao Wabambara, vyote viwili vilitoka katika kibanda kimoja na mkononi mwa mtu mmoja. Mhunzi aliyefua jembe ndiye aliyeshika tezo akachonga mama aliyempakata mtoto. Na haja iliyowapeleka watu kwake ilikuwa ni haja ya nyumbani: chakula, mtoto, mlango wa kufungwa usiku, kilio cha pacha aliyefariki.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wameandika mengi kuhusu vinyago hivi. Husifu paji la uso lililo bapa, pua ndefu iliyonyooka, kifua kilichochongoka, pembe zinazopinda kwa madaha. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, katika safari ya mwezi huu nakualika uvitazame kwa jicho la mtu wa jikoni na shambani, kwa maana huko ndiko vilikofanya kazi yake.

Kutoka Bamako hadi Ségou

Safari ya kuwajua Wabambara huanzia Bamako, mji mkuu wa Mali, ulioko ukingoni mwa mto Niger ambao wenyeji huuita Joliba. Hapo lipo Jumba la Makumbusho la Taifa. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1953, wakati wa utawala wa Wafaransa, na majengo yanayotumika sasa yalifunguliwa mwaka 1982. Si ghorofa la vioo. Ni nyumba za chini, zenye rangi ya udongo, zilizojengwa kwa kufuata umbo la nyumba za kale za nchi hiyo. Humo ndani mgeni hukutana na vinyago vya Wabambara vikiwa bado katika nchi yao, jambo ambalo, kama tutakavyoona, ni nadra kuliko unavyodhani.

Ukifuata mto kuelekea kaskazini mashariki, baada ya kilomita 235 hivi unafika Ségou. Huu ndio mji uliokuwa kitovu cha dola ya Wabambara. Dola hiyo iliinuliwa na Biton Coulibaly yapata mwaka 1712, ikatawala sehemu kubwa ya bonde la mto, kisha ikaangushwa mwaka 1861 na jeshi la El Hadj Umar Tall aliyekuja kwa vita vya kueneza Uislamu. Mwaka 1890 wakafika Wafaransa. Jina la Coulibaly bado limejaa Ségou, na mwenye jina hilo hupata taabu kidogo, kwa sababu watu wa koo nyingine humtania kwamba yeye ni mla maharagwe. Naye hujibu kwamba mla maharagwe ni wewe. Msomaji anayejua utani wa makabila yetu hatahitaji kuelezwa zaidi. Hata huko mtani hakasirikiwi.

Mji huu hujivunia miti iitwayo balanzan. Wenyeji husema iko 4,444 na mmoja zaidi, na huo mmoja hakuna ajuaye uko wapi. Mti wenyewe si mgeni kwetu, ndio mkababu. Tabia yake ni ya kinyume: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuyachipua wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mkulima aweza kupanda mtama na mawele chini yake bila kukosa jua. Nautaja kwa sababu Wabambara ni wakulima kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na bila kukumbuka hilo vinyago vyao havieleweki.

Mhunzi na mkewe

Kwa Wabambara si kila mtu angeweza kuamka asubuhi akasema leo nitachonga. Kazi hiyo ni ya ukoo wa wahunzi, waitwao numu. Mhunzi huzaliwa mhunzi, na kwa desturi huoa binti wa mhunzi mwenzake. Majina kama Kanté, Ballo na Fané humtambulisha mara moja. Wakulima walimheshimu na kumwogopa kwa wakati mmoja. Waliamini kwamba katika kila kitu, iwe mti, mnyama au chuma, imo nguvu iitwayo nyama (si nyama ya kula, ni neno lao), na kwamba mtu akikata mti au kuyeyusha chuma huiachilia nguvu hiyo. Ni mhunzi peke yake aliyerithi ujuzi wa kuikabili bila kudhurika.

Mtoto wa kiume alianza kwa kuvuta mivuo kwenye kalibu ya baba yake. Baadaye alifundishwa kuchonga mti, na mwisho kabisa ndipo alipokabidhiwa chuma. Patrick McNaughton, Mmarekani aliyejifunza kwa wahunzi wenyewe na kuandika kitabu juu yao mwaka 1988, ameeleza mpangilio huo. Vifaa ni vichache: tezo kubwa ya kuchonga umbo la kwanza, tezo ndogo ya kulainisha, kisu cha kumalizia. Kisha kipande cha chuma kilichopashwa moto hupitishwa juu ya mti ili uso wake uwe mweusi. Mafuta ya mbegu za mti wa shea, ambayo huko ndiyo mafuta ya kupikia na ya kujipaka, huupa mng'ao.

Lakini usidhani mhunzi alishinda akichonga sanamu. Sehemu kubwa ya kazi yake ya mti ilikuwa ni vinu, michi, mabakuli, vigoda na mipini ya majembe. Na makomeo pia. Komeo la Kibambara ni kitu kizuri mno! Ni kipande cha mti kilichosimama, kilichochongwa kama mtu, kenge, mamba au kobe, na tumboni mwake hupita mti mwingine wa kulala unaofunga mlango. Ndani yake mna meno, na ufunguo una vijino vya chuma vya kuyainua. Kwa hiyo mwanamke wa Kibambara aliyefunga chumba chake usiku alimwachia ulinzi kiumbe mdogo wa mti aliyening'inia mlangoni. Siku hizi kufuli la dukani limechukua kazi hiyo, na makomeo ya zamani yanauzwa kwa wageni.

Na mke wa mhunzi je? Yeye ndiye mfinyanzi. Mume hushika chuma na mti, mke hushika udongo. Hivyo ndivyo ukoo ulivyogawana kazi. Karibu na Ségou, ng'ambo ya pili ya mto, kipo kijiji cha Kalabougou ambacho mgeni hufikia kwa mtumbwi. Wanawake wa wahunzi wa hapo wanafinyanga mitungi ya maji, vyungu na vyetezo hadi leo. Hawatumii tanuri la matofali. Vyungu hupangwa pamoja uwanjani, vikafunikwa kwa kuni na nyasi, kisha biwi zima likawashwa. Vikiwa bado vyekundu kwa moto, huopolewa kwa miti mirefu, na vingine hutumbukizwa katika maji ya magome yaliyochemshwa ili vipate weusi. Joto lake si la mchezo. Huo ni ufundi sawasawa na wa waume zao, ingawa mitungi haikukimbiliwa na matajiri wa Paris kama walivyokimbilia vinyago. Sijui kwa nini chungu kihesabiwe kitu kidogo kuliko sanamu, wakati ndicho kilichowanywesha maji wachongaji wote.

Yapo pia yasiyopendeza. Mke wa mhunzi ndiye aliyepewa kisu cha kuwakeketa wasichana, kama mume wake alivyowatahiri wavulana. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu wanawake 89 kati ya kila 100 wa Mali wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mtu anayesifu sanaa ya ukoo huu bila kulitaja hili anasimulia nusu.

Swala aliyeleta kilimo

Sasa tuje kwenye kinyago ambacho karibu kila mtu amekiona hata kama hakujua jina lake: yule swala mwembamba mwenye pembe ndefu. Wabambara humwita ci wara, nasi twaweza kutamka "chi wara". Neno ci ni kulima, wara ni mnyama wa mwitu. Hadithi husema kwamba hapo zamani palikuwa na kiumbe, nusu mnyama nusu mtu, aliyewafundisha watu kulima. Alichimba ardhi kwa kucha zake na kwa fimbo, akageuza magugu kuwa nafaka. Watu wakalima, wakashiba, wakawa na ziada. Kwa shibe hiyo wakaanza kuichezea nafaka na kuitupa. Ci wara alipoona hayo alijifukia ardhini, asionekane tena. Ndipo watu wakajuta, wakachonga kinyago cha kumkumbuka.

Akina mama, hadithi hii haihitaji mfasiri. Ni nani kati yetu asiyejua mwaka wa mavuno mengi unavyofuatwa na mwaka wa ghala tupu?

Kinyago chenyewe hakivaliwi usoni. Hushonewa juu ya kofia ndogo ya kusukwa kama kikapu, nayo huvaliwa utosini. Mchezaji hujifunika nyuzi ndefu nyeusi kuanzia kichwani hadi miguuni, huinama na kushika fimbo mbili fupi zilizo kama miguu ya mbele ya swala, kisha huruka na kuchakura ardhi. Wachezaji huwa wawili, dume na jike, na hawatenganishwi. Wote wawili ni vijana wa kiume, kwa kuwa wanawake hawakukivaa.

Mtazame dume vizuri. Shingo yake ina manyoya yaliyochongwa kwa matundu kama kazi ya sindano. Pembe zake ni za korongo, yule swala mkubwa, ila zimerefushwa kama mabua ya mawele. Katika baadhi ya vinyago mwili ni mfupi kama wa mhanga, mnyama anayechimba usiku kucha, na vingine vina kakakuona pia. Jike ana pembe zilizonyooka kama za choroa. Mgongoni amebeba mtoto, kama mama aendaye shamba na mbeleko. Dominique Zahan, mtaalamu wa Kifaransa, alieleza kwamba dume ni jua, jike ni ardhi, na zile nyuzi nyeusi ni mvua. Mtoto aliye mgongoni ndiye sisi wanadamu. Si kila mtaalamu anakubali maelezo yote ya Zahan, lakini hata asiyekuwa mtaalamu aweza kuona ya kwamba jua na ardhi bila maji havileti chakula.

Umbo hubadilika toka sehemu moja hadi nyingine. Upande wa Ségou ci wara husimama wima. Katika nchi ya Bélédougou, kaskazini mwa Bamako, pembe hulala kuelekea nyuma, na kichwa mara nyingi huchongwa peke yake kikaunganishwa na mwili kwa chuma au ngozi. Kusini, upande wa Bougouni, wanyama wawili watatu hupandana hadi usijue nani ni nani.

Ci wara alitoka wakati wa kilimo. Vijana walishindana kulima kwa mistari, majembe yakienda kwa ngoma, na mlimaji hodari kuliko wote aliitwa ci wara yeye mwenyewe; hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa kijana. Wanawake walisimama nyuma ya wachezaji wakiimba. Katika nyimbo zao walimsifu mwenye bidii kwa jina, na mvivu naye alijua kwamba hakutajwa. Kijana gani angerudi nyumbani kwa raha baada ya hapo? Nguvu ya mchezo ilikuwa katika midomo ya akina mama kama ilivyokuwa katika miguu ya wachezaji.

Mwaka 1970 Pascal James Imperato, daktari Mmarekani aliyekwenda Mali kwa kampeni ya kutokomeza ndui, aliandika maelezo ya mchezo huo. Tayari alikuta kwamba katika vijiji vingi umegeuka kuwa burudani, mbali na kile chama cha siri cha zamani. Plau ya kukokotwa na ng'ombe, vijana kwenda mijini, na Uislamu kuenea, vyote vilichangia.

Mama aliyeketi

Kusini mwa Bamako, katika nchi ya Bougouni na Dioïla, Wabambara walikuwa na chama kiitwacho Jo, na pamoja nacho kingine kiitwacho Gwan. Huyu Gwan alikuwa hasa kwa ajili ya wanawake waliotaabika kupata mtoto, wale ambao mimba hazikushika na wale waliozaa na kuzika.

Sanamu za Gwan ni tofauti na sanamu nyingine ndogondogo za Afrika Magharibi. Ni kubwa, nyingine zinazidi mita moja. Iliyo mashuhuri ni ya mama aliyeketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka, mikono imemshika mtoto mchanga aliyejibanza tumboni mwake. Uso wake umetulia, macho yameinama. Jina lake ni Gwandusu, na dusu ni moyo, kwa maana ya ujasiri na hamu isiyokata tamaa. Juu ya kichwa amevaa kofia yenye pembe na hirizi kama za wawindaji, na kwenye mkono amefungiwa kisu. Hivyo vilikuwa vitu vya wanaume hodari. Wachongaji hawa walimvisha mama mwenye mtoto mavazi ya shujaa wa porini, maana walijua kwamba kuzaa ni vita.

Mara moja kwa mwaka sanamu hizo zilitolewa ndani ya nyumba yake, zikaoshwa, zikapakwa mafuta, zikavishwa nguo na shanga, kisha zikaketishwa hadharani ili watu wote wazione. Mwanamke mwenye shida alipeleka sadaka yake. Akijaliwa kupata mtoto, alimweka chini ya ulinzi wa Gwan na kumpa jina la mojawapo ya sanamu hizo.

Mimi na wewe hatuwezi kuinamia mti, na msomaji wa gazeti hili anajua sababu. Lakini Hana mke wa Elkana alilia hekaluni hata kuhani akamdhani amelewa, na kilio cha yule mama wa Bougouni hakikuwa tofauti. Amepita kati yetu pia, akiulizwa na mawifi kila Krismasi habari ambazo hana. Ukimtazama Gwandusu, mtazame na huyo aliyesimama mbele yake na kuku wake wa sadaka. Kwangu mimi yeye ndiye aliyefanya sanamu ile iwe kubwa.

Chama cha Jo kilikuwa na sanamu nyingine ya kike iliyo tofauti kabisa: msichana aliyesimama, mwembamba, kifua kichanga, chale zimechorwa mwilini. Huyu ni Nyeleni, jina ambalo huko hupewa binti. Jo iliwapitisha vijana jandoni kila baada ya miaka saba. Vijana wa wahunzi waliohitimu walitembea kutoka kijiji hadi kijiji wakicheza na kuimba, wakiwa wamebeba sanamu za Nyeleni zilizopakwa mafuta na kuvishwa shanga. Maana yake haikufichwa: kijana amekuwa mtu mzima na sasa anatafuta mke.

Kisha iko sanamu ndogo kuliko zote, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Wabambara huwapenda na kuwaheshimu mapacha. Kulwa na Doto wa kwao walipozaliwa ilikuwa ni baraka, lakini mara nyingi, kama ilivyokuwa kwetu kabla ya zahanati, mmoja hakuishi. Hapo mhunzi aliitwa akachonga kitoto cha mti, kiitwacho flanitokele, yaani pacha aliyesalia. Mama alikiosha alipomwosha aliye hai na kukitengea chakula kidogo. Yule aliyebaki alikua nacho, na alipooa au kuolewa, kilichongewa mwenzi wa mti nacho kisibaki mpweke. Ukikutana na kitoto hicho ndani ya kabati la vioo, kimelainika kama sabuni, usifikiri ni ufundi wa tezo peke yake. Ni mikono ya mama.

Milango iliyofungwa, na milango iliyovunjwa

Si vinyago vyote vilivyokuwa vya akina mama kuona. Chama chenye nguvu kuliko vyote, Komo, kilikuwa mikononi mwa wahunzi. Kinyago chake ni cha kutisha: kinywa kipana cha mnyama, pembe, manyoya ya ndege, miiba ya nungunungu, na gamba zito la damu na udongo. Kilipotoka, wanawake na watoto walijifungia ndani. Zilikuwapo ngazi nyingine pia. Wavulana wasiotahiriwa waliingia N'tomo, ambayo kinyago chake kina uso wa mtu na pembe zilizosimama mstari mmoja kama meno ya kitana, na mara nyingi hupambwa kwa kauri. Kinywa chake ni kidogo sana, kwa kuwa mvulana alifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa lolote.

Vitu hivyo vilianza kuhama mapema. Kasisi wa Kikatoliki, Joseph Henry wa shirika la Mapadre Weupe, alichapisha mwaka 1910 kitabu kikubwa kuhusu roho ya Wabambara. Aliwahukumu kwa ukali, lakini bila kitabu hicho tungekosa habari nyingi za wakati ule. Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi wa Septemba 1931 msafara wa watafiti wa Kifaransa uliotoka Dakar kwenda Djibouti, ukiongozwa na Marcel Griaule, ulifika kijiji cha Kéméni katika nchi ya Ségou. Walitaka kitu kitakatifu cha chama cha Kono. Wazee walisitasita. Wageni wakatisha kwamba polisi wamo ndani ya lori, kumbe hawakuwamo, wakakichukua wenyewe, wakakifunga katika turubai na kumwachia mkuu wa kijiji faranga 10. Siku iliyofuata wakafanya vivyo hivyo kijiji kingine. Tunayajua haya kwa sababu katibu wa msafara, mwandishi Michel Leiris, aliyaandika yote katika shajara yake na kuichapa mwaka 1934. Msafara ule ulirudi Paris na vitu zaidi ya 3,000. Leo viko katika makumbusho ya quai Branly, ambako mwaka 2025 yalifanyika maonyesho ya kuchunguza upya jinsi vilivyopatikana, watafiti wa Kiafrika wakishiriki.

Vingine viliondoka bila kuporwa. Familia iliyosilimu, au iliyobatizwa, haikuwa na kazi tena na sanamu, na mwaka wa njaa mchuuzi alipopita na fedha, ni nani angekataa? Gwandusu mmoja, mwenye urefu wa sentimita 123 na nusu, yuko Metropolitan Museum of Art mjini New York. Alifika hapo kwa wosia wa tajiri Nelson Rockefeller aliyefariki mwaka 1979. Amewekwa mahali pakavu penye taa nzuri. Hakuna amwoshaye wala kumpaka mafuta, na mafuta yangemharibu, watakwambia wahifadhi, nao wana haki.

Kwa atakayesafiri

Tangu mwaka 2012 vita vimeisumbua Mali, kwanza kaskazini, kisha vikashuka hadi katikati ya nchi, na eneo la Ségou halikusalimika. Serikali nyingi huwaonya raia wao wasiende. Kwa hiyo anayepanga safari aulize kwanza hali ya barabara, tena kwa watu wa huko wenyewe.

Kama utanunua ci wara, iwe Bamako au katika duka la mji wowote duniani, fahamu kwamba karibu vyote viuzwavyo vimechongwa juzi. Hufukiwa udongoni, hufukizwa moshi, huachiwa mchwa kidogo, ndipo vikapewa umri wa babu. Si vibaya kununua kinyago kipya ukijua ni kipya, maana mchongaji naye ana watoto wa kusomesha. Nunua dume na jike. Kumchukua mmoja ni kama kumtenga mama na baba.

Na kama safari itawezekana, usiishie Ségou. Songa mbele kilomita 35 hivi hadi Markala, mji wenye lambo kubwa la mto Niger lililokamilika mwaka 1947. Hapo Wabambara na wavuvi wa Kibozo na Kisomono hucheza mchezo wa vinyago na vikaragosi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Wahunzi bado ndio wachongaji. Ila hapa hakuna siri ya Komo; rangi ni zile za dukani, nyekundu, buluu na njano, na watoto wamejaa mbele. Mnyama mkubwa kama nyati au swala, mwenye mwili wa fito zilizofunikwa nguo, huingia uwanjani akisukumwa na vijana waliojificha ndani yake. Mgongoni mwake hutokeza watu wadogo wa mti: mkulima ainuaye jembe, mwanamke atwangaye kinu. Kila mnyama ana wimbo wake, na waimbaji ni wanawake. Huanza mmoja mwenye sauti kali, wenzake wakapokea, ngoma zikashika, na mnyama akasogea.